Fahamu: Tarehe 09/12 ni lini hasa?

Muuza duka wa Gungu, Kigoma, akiandika 09/12 kwenye risiti, mteja anajua papo hapo kuwa ni Siku ya Uhuru, tarehe tisa Desemba. Programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani itaisoma Septemba 12. Saba Saba na Nane Nane husalimika, maana namba zake zinafanana ukianzia upande wowote.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mwaka 1988, huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-12-09. Programu iliyoandikwa vizuri huhifadhi tarehe hivyo, halafu humwonyesha kila mtumiaji kwa mtindo aliouzoea.

Kalenda ya Hijria ni ngumu zaidi. Mwaka wake una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Kwa Waislamu wa Ujiji, Kigoma, siku mpya huingia jua likizama, na Idi husubiri mwezi uandame. Kompyuta hukadiria tu, kwa hiyo programu ya msikiti au shule lazima iruhusu tarehe kurekebishwa usiku uleule.

Ujiji ina ushahidi wa zamani pia wa utata wa tarehe. Mwandishi wa habari Stanley aliandika kitabuni kwamba alikutana hapo na mpelelezi Livingstone Novemba 10, 1871. Shajara ya Livingstone, aliyekuwa amepoteza hesabu ya siku, inaweka tukio hilohilo mwishoni mwa Oktoba.