Kipimo cha damu kimesema huna TB? Usishangilie mapema!

Kuna vijana ukiwaambia wakapime TB, wanachotaka ni kunyoosha mkono tu, damu itolewe na majibu yaje. Kutoa makohozi kwenye kikopo wanaona soo. Jamani, hapo ndipo wanapojimaliza!

Vipimo vya damu vya TB ni vya aina mbili. Vya kwanza hutafuta kingamwili. Hivyo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizitaka nchi zivipige marufuku mwaka 2011, maana vilikuwa vinadanganya: mzima anaambiwa mgonjwa, mgonjwa anaambiwa mzima.

Vya pili, kama QuantiFERON, huwachokoza askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Kama wameshakutana na mdudu wa TB, hutoa kemikali iitwayo intaferoni-gama, nayo ndiyo inayopimwa. Uzuri wake, chanjo ya BCG ya utotoni haikivurugi. Ubaya wake, hakijui kama mdudu amelala tu au ameshaanza kukutafuna.

Askari wakichoka, kasheshe! Utafiti uliofanyika kwa jirani zetu Mwanza, ukachapishwa mwaka 2009, uliwapima damu watu 161 waliothibitishwa kuwa na TB ya mapafu. Kwa wasio na virusi vya UKIMWI, kipimo kiliwanasa asilimia 81. Kwa wenye virusi, asilimia 65 tu. Waliobaki walionekana hawana kitu, au majibu hayakueleweka, na wakati huo wanaumwa kweli! Kisukari nacho huwapunguzia askari hao nguvu.

Halafu kuna suala la kuibeba damu yenyewe. Kila kichupa cha QuantiFERON hujazwa mililita 1 na kutikiswa mara 10, kisha kinatakiwa kiingie kwenye joto la nyuzi 37 ndani ya saa 16. Sasa chukulia damu imetolewa Butiama au Bunda, maabara iko mjini na gari limeharibika njiani. Muda ukipita, chembe zinakufa na majibu yanapinda.

Kwa hiyo mvuvi wa Musoma, mfanyabiashara wa Bunda stendi, na wewe mchimbaji wa Buhemba kule Butiama unayevuta vumbi la mawe linaloongeza hatari ya TB, sikilizeni. Ukikohoa wiki mbili, ukakonda, ukapata homa za jioni na jasho la usiku, acha aibu, katoe makohozi. Mashine ya GeneXpert humtafuta mdudu mwenyewe na kutoa majibu kwa saa mbili hivi. Katika vituo vya serikali, kupima na kutibiwa TB ni bure.

Kipimo cha damu kikikuambia huna, na kifua bado kinakubana, usiende kujipongeza. Rudi kwa daktari, umwambie bado unakohoa. Ukizembea, shauri yako!