Mamilioni ya dola yawasubiri watunzi wa nyimbo

Mwezi Februari mwaka 2021, kampuni 20 zinazotoa muziki kwa njia ya intaneti nchini Marekani zilikabidhi dola milioni 424 za mirabaha iliyokosa wenyewe. Fedha hizo zilipokewa na shirika la Mechanical Licensing Collective, lililoteuliwa chini ya sheria ya mwaka 2018.

Chanzo ni nini? Kampuni humjua mwimbaji, lakini jina la mtunzi mara nyingi limekosewa au halipo kabisa. Fedha zisizodaiwa kwa angalau miaka mitatu, sheria inaruhusu wagawiwe wachapishaji wanaojulikana, kwa kadiri ya sehemu yao ya soko. Wakubwa, bila shaka, hupata zaidi. Kusajili nyimbo ni bure, hata kwa mtunzi aliye nje ya Marekani.