Sura ya 6: Waya Uliokatika kwenye Taa za Mapambo

Desemba mjini Gitega ni mwezi wa Noeli, tena ni mwezi wa mvua. Taa za mapambo hutundikwa makanisani, kwenye kumbi za arusi na milangoni mwa maduka, na nyaya zake hubanwa na madirisha, huvutwa, hulowa. Nyingi ni za volti 12, kutoka kwenye betri ya sola au adapta inayopunguza volti 220 za shirika la umeme la REGIDESO. Kwa kuwa volti 12 hazimrushi mtu, wengi husokota waya kwa vidole, wakafunga tepu, basi. Kiungo cha namna hiyo hakidumu.

Tupige hesabu. Mkanda wa wati 24 kwenye volti 220 ungevuta ampea 0.11 tu, kwenye volti 12 unavuta ampea 2. Mkondo huo ukipita kwenye kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.5, volti 1 inapotea hapo, na wati 2 zinageuka joto. Kwenye volti 220 hasara hiyo usingeiona. Kwenye volti 12, taa zinafifia na tepu inalainika.

Kwanza tafuta ugonjwa ulipo. Katika mikanda mingi ya volti 12, taa hupangwa tatu tatu pamoja na rezista yake. Zikizima tatu peke yake, huenda moja imekufa. Zikizima zote kuanzia mahali fulani hadi mwisho, waya umekatika.

Chomoa adapta. Kama ni betri, ondoa waya wa hasi, kwani nyaya zake zikigusana zinaweza kuwasha moto. Kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa. Iliyogeuka nyeusi au kijani imeliwa na unyevu, na risasi ya kulehemu haishiki juu yake. Vika kwanza mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto, kisha sokota shaba na kulehemu. Pasha shaba yenyewe, uiache iyeyushe risasi. Tone lililodondoshwa juu ya shaba baridi hubanduka. Kisha sogeza mrija juu ya kiungo na uupashe moto usinyae. Kiungo cha chanya na cha hasi visikae sambamba, na usibadilishe nyaya, maana LED hupitisha umeme upande mmoja tu.

Mwisho, washa taa na upime volti kabla na baada ya kiungo. Tofauti ikifika hata volti 0.1, kata ulehemu upya. Kwenye betri ongeza fyuzi karibu na chanya: ndiyo itakayokata umeme waya ukibanwa tena usiku, watu wakiwa wamelala.