Skana ya Mezani na Kumbukumbu za Kanisa: Mfano wa Lulindi

Katika makala haya twakusudia kueleza matumizi ya skana ya mezani, ile yenye kioo bapa na kifuniko, katika kuhifadhi kumbukumbu za sharika zetu. Wako watumishi wanaoidhani kuwa chombo cha ofisi kubwa. Sivyo, yetu tuliichukua kutoka nyumbani.

Tulikwenda nayo Lulindi, kati ya Masasi na Newala, ambako misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa na hospitali. Huko Dkt. Leader Stirling, aliyekuja kuwa Waziri wa Afya mwaka 1975, alifanya kazi katika miaka ya 1930 na 1940. Mzee mmoja alitufungulia bati la biskuti lenye vyeti vya ubatizo, picha nyeusi na nyeupe, na slaidi 12.

Vyeti havikutusumbua. Nukta 300 kwa inchi zatosha, lakini yafaa kunakili kwa rangi, maana muhuri na masahihisho hutambulikana kwa rangi ya wino. Kitabu cha ubatizo kilichojalidiwa kisikandamizwe kiooni: mgongo ukivunjika, hakuna skana itakayouunga. Heri kukipiga picha kwa kamera kutoka juu. Picha za karatasi zatakiwa nukta 600, na upande wa nyuma pia unakiliwe, kwa kuwa huko ndiko yalikoandikwa majina.

Slaidi ndizo huwashinda wengi. Skana ya kawaida humulika kutoka chini, bali slaidi yataka mwanga upite ndani yake. Kifuniko kisipokuwa na taa yake, utapata giza tupu. Tena slaidi ni milimita 24 kwa 36 tu: kwa nukta 300 kwa inchi utapata picha ya nukta 283 kwa 425, isiyofaa kuchapwa, kwa 2400 utapata 2268 kwa 3402. Vumbi lipulizwe kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa mdomo, maana mate huacha madoa. Nakala ya kutunza iwe TIFF. JPEG ni ya kutumiana.

Tulipoinua slaidi moja kuelekea dirishani, tuliona wavulana wakiwa jandoni. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, ndiye aliyelipa jando sura ya Kikristo, lakini siri yake haikuondolewa. Mkwe wa mzee alikuwa akiingia na chai. Mzee akaifunika slaidi kwa kiganja.

“Hii, Baba Mchungaji, si ya kila jicho.”

Tulikuwa hatujalifikiria hilo, twakiri. Kilichomo batini huonwa na mwenye bati. Faili hufika Dar es Salaam kwa simu kabla chai haijapoa. Ndivyo ilivyo pia kwa picha za wagonjwa wa ukoma na vitabu vya nidhamu ya washarika: kabla ya kunakili, sharti aulizwe mwenyewe au jamaa zake.

Mzee aliifunga slaidi ile peke yake katika kitambaa. Zile 11 tulizinakili jioni hiyo, mpaka umeme ulipokatika.