Kisukari: Jina na Mzigo Wake

Nomino 'kisukari' imeundwa kutokana na 'sukari', na hapo ndipo mgonjwa mpya wa kisukari cha aina ya pili hupotoka. Anapoambiwa kuwa kiwango cha sukari katika damu yake kabla ya kufungua kinywa kimefikia milimoli 7 kwa lita au zaidi, aghalabu hulaumu kila kikombe cha chai alichokunywa. Huiacha sukari ya chai, lakini hapunguzi ugali wala chapati, ilhali wanga wake pia hugeuka glukosi mwilini.

Kiini cha maradhi haya ni mwili kutoitikia ipasavyo insulini itokayo kwenye kongosho. Urithi, umri na unene huchangia. Kwa hivyo, kujilaumu hakuna tija. Hofu, hasira na hata kukana ni hisia za kawaida. Zikidumu, amweleze jamaa au mshauri.

Fauka ya hayo, atembee dakika 30 kwa siku 5 kila juma, ajaze nusu ya sahani kwa mboga kama sukumawiki, akague nyayo zake kila siku, na asikatize dawa alizoandikiwa eti kwa kuwa amepata nafuu. Waama, mficha maradhi kifo humuumbua.