Slaa, Tluway, Qash: unayatamkaje?

Ukihamia Maisaka, hapa Babati mjini, Kiswahili kitakutosha dukani na kwenye bodaboda. Shida inaanza siku utakaposhika daftari la mahudhurio au rundo la kadi za wagonjwa na kukuta jina Tluway. Wageni wengi husema "Tuluwai". Mwenye jina atakaa kimya akidhani anaitwa mwingine, au ataitika kwa kukuonea huruma tu.

Babati ni kwao Wagorowa, na majirani zao Wairaqw wako wengi pia. Lugha zao ni za Kikushi na zinakaribiana sana. Undugu wao uko na Kisomali na Kioromo, siyo na Kibantu chetu. Kwa hiyo zina sauti ambazo ulimi wa Kiswahili haujawahi kuzizoea.

Tuanze na sl, maana nchi nzima imeshaikosea. Dk. Slaa alipogombea urais mwaka 2010, Watanzania walimwita "Silaa". Katika Kiiraqw, sl ni sauti moja, siyo s ikifuatwa na l. Jaribu sasa hivi: weka ulimi kama unataka kusema "la", usiutoe, kisha puliza hewa ipite pembeni mwa ulimi bila kutoa sauti ya kooni. Umesikia huo mfoko? Ndo yenyewe. Ng'ombe kwa Kiiraqw ni slee, utapata pa kufanyia mazoezi. Wazulu nao wanayo, wao huiandika hl.

Tl ya Tluway (neno lenyewe lina maana ya mvua) ni ndugu yake. Ulimi uko palepale, lakini sasa unaziba kabisa, unabana pumzi kooni, halafu unaachia kwa mlipuko mdogo pembeni.

Sasa twende sokoni, tuhesabu: wak, tsar, tam, tsiyahh, koo'an. Moja na tatu ni rahisi. Ts ya tsar inataka mlipuko uleule wa pumzi iliyobanwa. Hh ya tsiyahh inatoka kwenye koromeo. Ukiwahi kumsikia shehe akisoma Kiarabu na kutaja "Muhammad" kwa makhraji yake, unaijua tayari. Alama ya ' katika koo'an ni mkato mfupi wa sauti, kama mtu aliyeshtuka katikati ya neno.

Kisha kuna q, kama katika kata ya Qash. Hii siyo k. K unaifanyia kwenye kaakaa laini. Q iko nyuma zaidi, karibu na kimio. Wageni wengi hawasikii tofauti kabisa, na hapo ndo sayansi inapendeza. Mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees walichapisha utafiti wao wa watoto wachanga wa Kanada waliolelewa kwa Kiingereza. Waliwapima kwa sauti za lugha mbili wasizozijua: Kihindi, na lugha ya wenyeji wa British Columbia yenye tofauti inayofanana na hii ya k na q. Watoto wa miezi 6 hadi 8 waliitambua. Wa miezi 10 hadi 12, wengi wao walikuwa wameshaipoteza. Sikio lako halina ugonjwa. Lilichagua mapema kusikiliza nyumbani.

Linafundishika, lakini. Mwombe mwenyeji akutamkie "ka" na "qa" zikipishana, wewe ukiwa umefumba macho, ukisie ipi ni ipi. Fanya dakika chache kila siku. Anza kusikia kwanza, mdomo utafuata.

Na unapoandika jina, usilinyooshe kwa Kiswahili. Alfabeti yetu haina q, na Kiiraqw kina hata herufi inayoandikwa / (mkwaruzo wa koromeo, ile ain ya Kiarabu). Karani mmoja akiandika Tluway na mwingine Tuluwai, mtoto mmoja anakuwa watu wawili kwenye makaratasi, na atakayezunguka ofisi kurekebisha cheti chake ni yeye. Muulize mwenyewe: "Unaliandikaje?"