Msongamano wa Herufi Machoni pa Msomaji

Mara nyingi mwalimu humwona mtoto ambaye hutaja barabara kila herufi iliyoandikwa peke yake kwenye kadi, lakini herufi hizo hizo zikikutana ndani ya neno humbabaisha. Mwalimu asiye na subira humwita mtoto huyo mvivu. Katika makala haya tunakusudia kueleza sababu mojawapo ya tatizo hilo, iliyomo katika maumbile ya jicho na ubongo, ili hukumu ya namna hiyo isitolewe kwa haraka.

Jicho la binadamu haliona sawasawa kila mahali. Sehemu ionayo kwa ukamilifu ni ndogo: haizidi sana upana wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Vilivyo nje ya hapo huonekana pembeni mwa jicho. Ndiyo maana macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari, bali huruka na kutua, huruka na kutua.

Je, upungufu wa pembeni ni ukungu tu? Sivyo. Na tufanye jaribio. Chora msalaba mdogo ubaoni, kisha mwenzako aandike herufi moja usiyoijua, yenye kimo cha sentimeta 4, umbali wa sentimeta 20 kulia kwa msalaba. Simama hatua 3 kutoka ubaoni na kuukazia macho msalaba. Utaitambua herufi hiyo. Sasa aandike herufi tatu ngeni, ya kati ikiwa mahali pale pale, na jirani zake sentimeta 5 kila upande. Utaona kwamba pana maandishi, lakini sura ya herufi ya kati itakuwa imechanganyika na za jirani. Herufi haikupungua ukubwa, imesongwa.

Mwaka 1970 mtaalamu wa Uholanzi, Herman Bouma, alionyesha kipimo cha jambo hili: herufi husongwa iwapo jirani zake wako karibu kuliko takriban nusu ya umbali wake kutoka pale jicho linapotazama. Katika jaribio letu, nusu hiyo ni sentimeta 10. Wasogeze jirani hadi sentimeta 12, na herufi itatambulika tena.

Yafuatayo hutokana na hayo. Kukuza herufi huku zikibaki zimebanana hakutoshi, wala miwani haiondoi msongamano. Herufi za katikati ya neno huumia kuliko za ncha, ambazo zina jirani upande mmoja tu. Tena watoto wadogo husongwa zaidi kuliko watu wazima. Basi tufikirie mtoto anayekabili neno hawatatufundisha, lenye herufi 16!

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 juu ya watoto wa Italia na Ufaransa wenye ugumu maalumu wa kusoma ulionyesha kwamba nafasi kati ya herufi ilipoongezwa kidogo, walisoma kwa kasi zaidi na kwa makosa machache.

Kwa hiyo, mwalimu aandikapo ubaoni aziachie herufi, maneno na mistari nafasi ya kutosha. Hata hivyo asipite kiasi, kwani herufi zikitawanyika mno neno huvunjika. Mtoto akikwama, amfunulie neno silabi kwa silabi kwa kipande cha karatasi. Akiendelea kutatizika, apelekwe kupimwa macho. Kabla ya kumlaumu mtoto, hatuna budi kwanza kuutazama ubao wetu wenyewe.